Skuta au ya gia? Maswali yenu ya klachi, miteremko na Vespa ya babu

Mwezi uliopita niliandika hapa mstari mmoja tu, kwamba skuta ya otomatiki ni chombo kizuri kwa mtu wa mjini, basi simu haijapumzika mpaka leo. Wenye Boxer wameniita msaliti, wenye skuta wamenitumia picha za skuta zao kama wananionyesha watoto, na mzee mmoja ameniuliza kama na mimi nimeanza kula hela za wauza skuta. Sijala mzee wangu, ningekula ningekuwa nishabadilisha tairi langu la nyuma. Haya, nimechukua maswali yenu machache, na mengine nimeyakata kidogo maana kuna watu wanaanza na salamu za ukoo mzima.

"Kaka habari. Nasambaza maandazi na chapati madukani huku Mbezi, kila asubuhi nalipa boda, hela yote inaishia huko. Nataka chombo changu. Mume wangu anasema skuta ni ya kuchezea nichukue Boxer, ila mimi klachi sijawahi hata kuishika. Nianze na ipi?" (Mama Maandazi, Mbezi)

Nzuri dada yangu, na hongera kwa kazi. Mwambie shemeji nimesema asubiri kidogo.

Pikipiki ya gia inakupa kazi viungo vyote vinne. Mkono wa kushoto klachi, ile inayoitenganisha injini na tairi ili ubadilishe gia, mguu wa kushoto gia, mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma, na vyote hivyo vinatakiwa vielewane saa kumi na moja alfajiri kwenye foleni huku beseni la maandazi liko nyuma. Inafundishika, wiki mbili tatu kwenye uwanja wa shule jioni unakuwa umeshaizoea, wala si ya wanaume tu kama watu wanavyodhani. Skuta yenyewe miguu haina kazi kabisa, unavuta mafuta inaenda, unaachia inapungua, breki zote mbili ziko mikononi. Gia zipo ila huzioni, ndani kuna mkanda wa mpira unaozunguka kwenye puli mbili, ukiongeza mwendo vile viroli vya kwenye puli ya mbele vinarushwa nje vinaibana puli, mkanda unapanda juu, na kwenye puli ya nyuma unazama chini. Ni kama baiskeli inayojibadilishia sproketi yenyewe kidogo kidogo bila kukuuliza.

Sasa kwa kazi yako mimi naangalia barabara kwanza kabla ya klachi. Skuta nyingi tairi zake ni ndogo, na tairi dogo shimo ambalo Boxer inalivuka yenyewe inaliingia mzima mzima. Kama maduka yako yako kwenye lami na vumbi la kawaida, chukua skuta, na pale chini miguuni utaweka ndoo bila hata kufunga mpira. Kama njia zako ni zile za ndani kabisa zinazokuwa makorongo mvua ikinyesha, basi shemeji kasema kweli ingawa sababu yake siyo, chukua ya gia ujifunze taratibu.

Mambo mawili usiyasahau. La kwanza, skuta haina nyutro, ile nafasi ya gia ambayo injini inawaka bila kulivuta tairi. Ikiwa imewaka na wewe unaisogeza kwa mkono kuipaki, ukigusa mafuta bahati mbaya inaruka, na nimeshaona moja imeingia dukani kwa mtu mpaka kwenye friji la soda. Ukitaka kuisukuma, zima. La pili, kabla hujalipa nenda kwa fundi wa mtaani kwako muulize mkanda wa skuta ile ile unayoitaka anaupata wapi na kwa siku ngapi. Mkanda ni kitu cha kubadilisha, wengi huwa wanafika kilometa elfu ishirini hivi wengine chini ya hapo, kitabu cha chombo kinasema. Ukikatika umekatika, hakuna cha kufunga waya mpaka nyumbani. Dalili utazijua, injini inalia sana ila chombo hakiendi, kinatetemeka wakati wa kuondoka, au unasikia harufu ya mpira ukipanda mlima.

Na ukija kuazima ya gia baadaye, au mwenye ya gia akaazima ya kwako, kuweni makini. Mimi mara ya kwanza napanda skuta nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kwenye Boxer, nikajiona mwalimu, nikapewa tenga la nyanya nilipeleke gengeni. Nafika kwenye tuta, mkono wa kushoto kwa mazoea ukavuta klachi ili nishushe gia, na ule mkono kwenye skuta ni breki ya nyuma. Nikauvuta wote, kwa nguvu zote, vile vile unavyovuta klachi. Tairi likafunga, mkia ukaja pembeni, sikuanguka ila nyanya zilianguka, na watoto wa ule mtaa walikuwa wanaziokota huku wananicheka mpaka nikacheka na mimi. Hela ya tenga nililipa.

"Shikamoo mzee. Napiga boda Soni kwenda Mombo. Bosi anataka kuuza pikipiki zake za gia alete skuta, anasema vijana tunaua klachi. Kwa mlima huu inawezekana kweli? Halafu wenzangu wanashuka na nyutro wamezima na injini kabisa eti kuokoa mafuta, mimi naogopa wananiita mwoga." (Boda wa Soni)

Marahaba mwanangu. Endelea kuwa mwoga hivyo hivyo.

Ile barabara naijua, Mombo mpaka Lushoto ni kilometa thelathini na kitu tu lakini ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na wewe mara nyingi una abiria na gunia la kabichi au karoti linaloshuka kwenda barabara kuu. Pale kinachokushika siyo breki peke yake. Ukiwa gia ya pili ukaachia mafuta, tairi la nyuma linalazimika kuizungusha injini, na injini inakataa kuzungushwa bure, hapo ndo chombo kinashikwa kwa nyuma kama mtu amekuvuta shati. Ukiweka nyutro umelikata lile shati. Mzigo wote unauachia breki, na breki za dramu ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto, shuu, zile zinazobana ndani ya dramu, zinaanza kuteleza, unakanyaga mpaka mwisho na chombo kinaenda tu. Mtu wa hivyo anagundua kwenye kona ya tatu au ya nne, wakati mwendo umeshakolea na hata kurudisha gia hakurudi vizuri.

Sheria yangu ya zamani ni kwamba gia uliyopandia ndo ya kushukia. Kama kile kipande unakipanda na namba mbili, kishuke na namba mbili, breki iguse ukikaribia kona uiachie ipoe.

Na hayo mafuta wanayookoa ni kidogo kuliko wanavyofikiri. Zile pikipiki mpya zisizo na kabureta, zenye mfumo wa sindano, nyingi ukishuka kwenye gia umeachia mafuta kabisa kompyuta inafunga petroli yenyewe, wakati ukiweka nyutro injini ikiunguruma inakunywa ili isizime. Yaani anayejidai mjanja ndo anatumia zaidi. Kwenye kabureta kweli anaokoa kidogo akizima, ila ampigie hesabu na yule abiria.

Sasa skuta. Skuta ina klachi pia, iko nyuma ndani ya kengele, yaani kile kikombe cha chuma kinachoifunika, inashika yenyewe injini ikichanganya na inaachia yenyewe injini ikitulia. Shida iko hapo, kwamba kwenye mteremko ukienda taratibu sana umeachia mafuta, ile klachi inafunguka, na chombo kinakuwa kama kiko nyutro bila wewe kutaka. Dawa yake ni kugusa mafuta kidogo tu, kama unaionjesha, klachi inashika na injini inaanza kukuzuia, ingawa haishiki kama namba mbili ya Boxer. Kwa mtu mmoja mwepesi aliyeizoea, sawa. Kwa boda anayebeba abiria na gunia mara nane kwa siku, na najua kuna siku mnapiga mshikaki msinidanganye, mimi nisingeiweka pale. Kupanda nako ule mkanda unaungua tu, mwendo mdogo mzigo mkubwa ndo adui yake.

Mwambie bosi wako, kwa heshima, kwamba pesa ya kununua skuta aiweke kwanza kwenye kuwafundisha. Klachi inakufa kwa sababu kijana anasimama kwenye mlima anamsubiri abiria ameishikilia nusu huku anavuta mafuta ili asirudi nyuma, badala ya kukanyaga breki. Au anapanda na namba tatu, injini inalia kwikwi, anaisaidia kwa klachi badala ya kushusha gia. Pleti za ndani ya klachi zinasuguana mpaka zinanukia, wewe mwenyewe hiyo harufu unaijua.

"Fundi, nimemwaga oili wiki iliyopita, tangu hapo nikivuta mafuta injini inapiga kelele pikipiki haiongezi mwendo. Pleti ni mpya, nilibadilisha juzi juzi. Tatizo nini?" (Wa Mwanza)

Uliweka oili ya gari, nabashiri. Kwenye pikipiki nyingi za gia zile pleti za klachi zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano, nzuri kwa gari, mbaya kwako, maana klachi inaishi kwa msuguano. Inateleza. Angalia nyuma ya kopo, tafuta maandishi ya JASO MA au MA2, JASO ni viwango vya Kijapani vya oili, hiyo ndo ya klachi inayoloa. JASO MB ni ya skuta, klachi yao ni kavu, haijali. Mwaga hiyo, weka ya MA, tembea siku mbili tatu, mara nyingi pleti zinarudi, ila kama umeziunguza tayari itabidi uzinunue tena pole sana. Na skuta nazo zina oili ya pili watu wanaisahau, ile ya gia za nyuma kwenye tairi, ni kidogo tu kama kikombe kimoja kikubwa cha kahawa, lakini ikikauka meno yanasagika.

"Kuna mshkaji anapandisha gia bila klachi na anasema hata kwenye mashindano wanafanya hivyo. Haiui geabox?" (Mwanachuo, Dodoma)

Ukiachia mafuta kidogo kwa wakati ule ule unapoinua gia, meno yanakuwa hayana mzigo na gia inaingia laini, ndo ukweli. Kwenye pikipiki za mashindano kuna kifaa kinakata moto wa plagi kwa kitambo kidogo sana kuliko kupepesa jicho, gia inaingia, moto unarudi. Ila mshkaji wako kifaa hicho hana, ana mguu na bahati. Akikosea kidogo kila siku, zile kona za meno zinaanza kuwa mviringo, na siku moja yuko namba tatu amevuta mafuta inaruka yenyewe inarudi nyutro. Kurekebisha hapo ni kupasua injini yote. Mkono wa klachi upo bure, umwambie autumie.

"Babu yangu amefariki kaniachia Vespa, hapa Unguja. Nilidhani skuta zote ni otomatiki, hii imenishinda kuondoka." (Mjukuu, Zanzibar)

Pole kwa msiba mjukuu, na babu kakuachia kitu cha maana. Zile Vespa za zamani, kama PX zilizotoka kuanzia mwaka 1977, ni za gia kabisa, ila gia ziko mkononi. Unavuta klachi kwa mkono wa kushoto, halafu unauzungusha mkono wote wa kushoto pamoja na klachi yake: ukiupandisha ni namba moja, unarudi nyutro, ukiushusha ni mbili, tatu, nne. Mwanzo mkono utauma. Na nyingi ni tu-stroki, injini inayounguza oili pamoja na petroli, hivyo kabla hujaiwasha waulize waliokuwa wanamjua babu kama ina tangi lake la oili au alikuwa anachanganya oili kwenye petroli, maana ukiiendesha na petroli tupu utaizika na yenyewe. Hapo Unguja mafundi wa Vespa wazee hawakosekani, tafuta mmoja, mpelekee na kahawa.

"Niko Birmingham, nataka kufanya mtihani wa pikipiki. Wenzangu wote wanafanya na skuta kwa sababu ni rahisi. Nifuate?" (Mbongo wa Uingereza)

Ukifaulu mtihani wa leseni kamili kwa chombo cha otomatiki, Uingereza wanakupa leseni ya otomatiki tu, siku ukitaka ya gia unarudi kufanya mtihani tena. Kama una hakika maisha yako yote ni skuta ya kupeleka chakula, fuata. Ukifanya na ya gia umeruhusiwa zote. Mimi ningeumia mara moja.

"Mzee nimeona kwenye intaneti pikipiki kubwa kabisa, Africa Twin, haina klachi wala gia ya mguu. Hiyo ni skuta kubwa au? Na wakubwa nao wamechoka?" (Mpenda Mashine, Arusha)

Siyo skuta kaka. Ile ina geabox ya kawaida yenye meno na cheni, ila ina klachi mbili ndani, moja inahudumia gia za 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6. Ukiwa namba tatu, ya nne inakuwa imeshaandaliwa upande wa pili, kompyuta inaachia klachi hii inashika ile, hata mwili hausikii. Honda waliileta kwanza kwenye VFR1200F mwaka 2010, baadaye ndo Africa Twin na Gold Wing. Ukitaka unabadilisha mwenyewe kwa vitufe vya kidole. Inaongeza uzito kama kilo kumi, na bei usiniulize.

Siku hizi kila mtu ana ya kwake. Mwaka 2024 Honda walitoa nyingine wanaiita E-Clutch, mkono wa klachi upo na gia ya mguu ipo, ila kompyuta ndo inakuvutia klachi, ukisimama haizimi. Yamaha mwaka huo huo wakaweka Y-AMT kwenye MT-09, hakuna mkono wa klachi wala pedali ya gia. BMW nao wana ya kwao kwenye pikipiki zao za GS. Ila wala si mambo mapya kihivyo, Moto Guzzi walikuwa na pikipiki ya otomatiki mwaka 1975 na Honda wakaitoa CB750 ya otomatiki 1976, watu wa wakati ule wakazikataa.

Iliyokubalika ni ndogo. Honda Super Cub, mwaka 1958, gia unakanyaga kwa mguu ila klachi haina mkono, inajiachia yenyewe ukigusa gia. Japani kulikuwa na vijana wanapeleka tambi kwa wateja, wamebeba sinia mkono mmoja, kwa hiyo Bwana Soichiro Honda na wenzake walitaka chombo kinachoendeshwa na mkono wa kulia peke yake. Mwaka 2017 familia ya Super Cub ilifika milioni mia moja. Hakuna chombo cha injini kilichouzwa kuizidi. Nikisoma hiyo huwa namkumbuka muuza kahawa wa mtaani kwetu na birika lake, yule angeifaidi kweli.

Na kama unaulizia kesho, angalia boda za umeme za Kigali na Nairobi. Hazina klachi, nyingi hazina gia kabisa, mota inatoa nguvu yote tangu tairi halijazunguka. Kijana anayejifunza leo kwenye hizo anaweza akazeeka hajui nyutro ni nini, tubishane wee lakini huko ndo tunaenda.

"Wewe mwenyewe unaendesha nini?" (Wengi)

Boxer, ya gia, ina miaka mingi kuliko ndoa yangu, na mkono wa klachi umekaa kushoto kidogo chini kwa sababu kidole changu kimoja hakinyooki. Mke wangu ana skuta. Jumapili naipenda kuliko ya kwangu, natoka nayo kwenda kununua magazeti na samaki, miguu imetulia kama niko barazani, ila ufunguo lazima niombe, na kabla hajanipa ananiuliza kila mara mkono wa kushoto ni wa nini.